Kabla ya Kuuza Ekari: Kuchagua Shahada ya Uzamili ya Fedha kwa Anayetaka Kazi ya Masoko

Hii ni hotuba iliyotolewa Chepsaita, Kaunti Ndogo ya Turbo, mbele ya wahitimu wa vyuo, wazazi na wazee. Msemaji alifanya kazi katika idara ya hazina ya benki kabla ya kuwa mwalimu wa masomo ya fedha. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.



Nimeombwa nizungumze kuhusu jambo moja ambalo limekuwa likiulizwa sana katika familia zetu. Kijana amemaliza shahada ya kwanza ya biashara, uchumi au hesabu. Anasema anataka kuwa treda, yaani mtu wa kununua na kuuza hisa, fedha za kigeni au hati za dhamana kama kazi. Anamwambia baba kwamba anahitaji shahada ya uzamili ya fedha. Baba anauliza ni pesa ngapi. Jibu likitoka, macho ya wote yanageukia shamba.

Leo nataka tuyajadili haya kabla dalali wa mashamba hajaitwa. Kaunti hii inajua uchungu wa karo iliyolipwa na masomo yasionekane. Mwaka 2023 wazazi waliandamana Eldoret kuhusu pesa walizolipia watoto wao kwenda kusoma Finland na Kanada. Mambo hayo yalifika mahakamani na siyo kazi yangu kuyaamua hapa. Nayataja kwa sababu yametufundisha sote kuuliza maswali mapema.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Hapa Chepsaita tuna mbio za nyika, kwa hiyo hili mtalielewa haraka. Mtoto akija kwa kocha na kusema anataka kukimbia, kocha humuuliza: mbio zipi? Mita 800 zina mazoezi yake, na marathoni ina yake. Vivyo hivyo, ukisema unataka kuwa treda, swali la kwanza ni: treda wa nini, na kwa pesa za nani?

Nchini Kenya kazi hii ina milango minne hivi.

Mlango wa kwanza ni idara ya hazina ya benki. Huko ndiko dola hununuliwa na kuuzwa kwa niaba ya waagizaji bidhaa, na ndiko benki hukopeshana pesa za usiku mmoja. Ndiko pia hati za dhamana za serikali, ambazo wengi tunaziita bondi, hununuliwa na kuuzwa. Vijana wengi hudhani biashara kubwa iko kwenye hisa. Tazameni hesabu: mwaka 2024 bondi zilizouzwa katika Soko la Hisa la Nairobi zilizidi shilingi trilioni 1, ilhali hisa zilikuwa karibu shilingi bilioni 100 tu. Kwa hiyo kijana anayejua hisa peke yake amejiandaa kwa sehemu ndogo ya soko.

Mlango wa pili ni kampuni za udalali wa hisa na benki za uwekezaji zilizopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Idadi yake haifiki hata thelathini, na kila moja huajiri watu wachache kwenye meza ya biashara. Tangu mwaka 2006 biashara ya hisa Nairobi hufanyika kwa kompyuta. Siku za madalali kupigiana kelele ukumbini zilikwisha. Kompyuta imepunguza mikono inayohitajika, na imeongeza mahitaji ya watu wanaojua programu na takwimu.

Mlango wa tatu ni wasimamizi wa fedha: mifuko ya pensheni, kampuni za bima na mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Huko anayenunua na kuuza hufanya hivyo kwa niaba ya wastaafu na wenye akiba. Kazi ni ya polepole zaidi, na uchambuzi ni mwingi.

Mlango wa nne ni biashara ya mazao. Huu tunausahau, na sisi ndio tunaolima. Mnada wa chai uko Mombasa, na soko la kahawa liko Nairobi. Kampuni zinazoagiza ngano na mbolea zinahitaji watu wanaofuatilia bei za dunia kila asubuhi. Nitaurudia mlango huu.

Sasa, milango hii haifungwi kwa ufunguo mmoja. Ndiyo maana shahada nazo ni za aina mbalimbali.

SHAHADA ZENYEWE

Ya kwanza ni ile ya usimamizi wa biashara yenye mkazo wa fedha, MBA. Hii imeandaliwa kwa mtu ambaye tayari anafanya kazi na anataka kupanda cheo au kusimamia wengine. Mtasoma uongozi, masoko ya bidhaa, mikakati na fedha kiasi. Ni shahada ya heshima. Lakini kama una miaka 23, hujawahi kuajiriwa, na unataka kuketi kwenye meza ya dola, MBA haitakufundisha kile utakachoulizwa kwenye usaili.

Ya pili ni shahada ya uzamili ya sayansi katika fedha. Hii inazama katika thamani ya hisa na bondi, usimamizi wa hatari, na mikataba ya bei ya baadaye. Chuo Kikuu cha Nairobi kinayo, na vyuo vingine vya Kenya vina masomo yanayofanana nayo. Kwa wengi wanaolenga benki, udalali au mifuko ya pensheni, hii ndiyo inayokaribia zaidi kazi yenyewe.

Ya tatu ni ya hesabu za fedha, ambayo nje huitwa pia uhandisi wa fedha. Strathmore hufundisha hesabu za fedha pamoja na uchambuzi wa hatari. Taasisi ya Chuo Kikuu cha Afrika iliyoko JKUAT, Juja, ina shahada ya uzamili ya hesabu yenye mkondo wa fedha, na huwapa ufadhili wanafunzi kutoka nchi za Umoja wa Afrika. Hii ni njia ya mtu aliyesoma hesabu, takwimu, fizikia, uhandisi au hesabu za bima. Utahitaji kalkulasi, uwezekano wa matukio, na kuandika programu za kompyuta. Aliyesoma biashara na kuikimbia hesabu tangu kidato cha pili atateseka humo, kama hatakataliwa mlangoni.

Ya nne ni uchumi au takwimu. Watu husahau kwamba benki huajiri wachumi na watakwimu kwenye idara za hazina. Anayeelewa kwa nini Benki Kuu inapandisha au kushusha riba ana faida kubwa pale.

Niwape mfano wa kile ambacho masomo haya yanapaswa kukufunza. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Watu wengi waliogopa kwamba serikali ingeshindwa kulipa mkopo wa dola bilioni 2 uliokuwa unafika mwisho Juni mwaka huo. Februari, serikali ikakopa upya nje na kuanza kulipa ule wa zamani. Mwezi huohuo ikauza nchini bondi ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18. Hofu ikashuka, na baada ya wiki chache dola ilikuwa karibu shilingi 130. Aliyekuwa ameficha dola akingoja zifike 200 alipata hasara.

Aliyenunua ile bondi naye aliona jambo jingine. Kila shilingi 100,000 alizoweka zilimpa zaidi ya shilingi 18,000 kwa mwaka. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ikaanza kushusha riba yake. Bondi mpya zilipoanza kulipa kidogo, ile ya zamani ikatafutwa sana na bei yake ikapanda. Riba zikishuka, bei ya bondi ya zamani hupanda. Riba zikipanda, bei hushuka. Kama mhadhiri wako hawezi kukueleza mambo kama haya kwa hesabu na kwa habari za nchi yako, uliza unalipia nini.

VYETI VYA KITAALUMA

Wazazi, hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu panaweza kuokoa pesa. Katika kazi hii kuna vyeti ambavyo mwajiri hutazama kama anavyotazama shahada ya uzamili, na mara nyingine kabla yake.

KASNEB, ambayo iliundwa mwaka 1969, hutoa mtihani wa wachambuzi wa uwekezaji na fedha unaojulikana kama CIFA. Tangu mwaka 2015 kuna sheria ya Bunge inayosimamia taaluma hiyo na chama chake. Kijana anaweza kusoma akiwa hapa nyumbani au akifanya kazi, na kulipa karatasi kwa karatasi.

Kuna CFA, cheti cha kimataifa chenye ngazi tatu za mtihani. Ada yake ni kwa dola, na kwa ngazi zote tatu hupita dola 3,000, hata kama utafaulu kila ngazi mara ya kwanza. Mtu pia anahitaji saa 4,000 za kazi inayohusiana na uwekezaji, katika muda usiopungua miezi 36, kabla ya kupewa hadhi kamili. Si rahisi. Lakini ukijumlisha vyote, ni sehemu ndogo tu ya gharama ya kwenda ng'ambo.

Kuna pia vyeti vya chama cha kimataifa cha watu wa masoko ya fedha, ACI, ambavyo wanaofanya biashara ya fedha za kigeni katika benki huvifanya. Mara nyingi benki yenyewe huwalipia wafanyakazi wake.

Ushauri wangu kwa aliyemaliza shahada ya kwanza na hana kazi: anza na ngazi ya kwanza ya cheti kimoja. Mtihani huo utakuambia kama kweli unaipenda kazi hii. Ukishindwa kuvumilia miezi sita ya kusoma bondi jioni, umejua jambo muhimu kwa bei nafuu.

KWENDA NG'AMBO AU KUBAKI

Sitawaambia msiende. Watoto wa Uasin Gishu wamekwenda na wamefanya vizuri. Nasema tupige hesabu.

Karo peke yake ya baadhi ya programu za fedha za vyuo vikubwa vya London hupita pauni 40,000. Tukikadiria pauni moja kuwa shilingi 170, hizo ni shilingi milioni 6.8, kabla hujalipia chumba, chakula, viza na ndege. Kwa wengi hapa huo ni mkasa wa ekari kadhaa.

Kinachowavuta watu ni kazi baada ya masomo. Uingereza humruhusu aliyemaliza uzamili kuomba kubaki na kutafuta kazi kwa miaka 2, na serikali yake imetangaza kwamba kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027 muda huo utakuwa miezi 18. Marekani hutoa mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi, na miaka 2 zaidi kwa masomo yanayohesabiwa kuwa ya sayansi na hesabu. Ndiyo sababu jina la shahada lina uzito kule: uhandisi wa fedha unaweza kuhesabiwa, na MBA ya kawaida isihesabiwe. Sheria hizi hubadilika. Soma tovuti ya serikali ya nchi husika, usitegemee maneno ya wakala.

Na mjue hili: ruhusa ya kutafuta kazi si kazi. Benki za London na New York huanza kuajiri wanafunzi miezi mingi kabla hawajamaliza. Kwa programu ya mwaka mmoja, unafika Septemba na maombi ya kazi yanafungwa wiki chache baadaye. Asiyejiandaa kabla ya kusafiri amechelewa siku aliyoshuka kwenye ndege.

Kuna njia za kwenda bila kuuza chochote. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hulipia uzamili wa mwaka mmoja. Unadai miaka 2 ya uzoefu wa kazi, na mtu akimaliza lazima arudi nyumbani kwa miaka 2. Kuna pia WorldQuant University ya Marekani, ambayo hufundisha uhandisi wa fedha kwa intaneti bila kutoza karo ya masomo. Inahitaji hesabu nzuri, kompyuta, na nidhamu ya mtu anayeamka saa kumi na moja kukimbia bila kusukumwa. Na kwa hapa nchini, ulizeni Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, kuhusu msaada wa masomo ya uzamili.

Shahada yoyote ya nje, kabla ya kulipa, ulizeni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kama chuo hicho kinatambuliwa.

MASWALI MATANO KABLA YA KULIPA

Andikeni haya. Mpigie ofisi ya chuo au uende mwenyewe.

Moja: wahitimu wenu wa miaka mitatu iliyopita wanafanya kazi wapi? Taka majina ya kazi, si sifa za jumla. Chuo kisichojua wahitimu wake wako wapi kimekujibu.

Mbili: nani anafundisha? Kuna mhadhiri hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye meza ya biashara au kusimamia mfuko?

Tatu: mtaala una nini? Tafuta bondi, mikataba ya bei ya baadaye, takwimu, usimamizi wa hatari na uandishi wa programu. Ukikuta kozi nyingi za usimamizi na moja ya masoko, hiyo ni MBA iliyovaa koti jingine.

Nne: kuna mafunzo kazini? Miezi mitatu kwenye idara ya hazina inaweza kukufaa kuliko muhula mzima darasani.

Tano: pesa zitarudi lini? Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme uzamili wa hapa nchini umekugharimu shilingi 600,000 zote pamoja, na umekuongezea mshahara wa shilingi 20,000 mkononi kwa mwezi. Utahitaji miezi 30 kurudisha. Hiyo inavumilika. Sasa weka milioni 8 kwa nyongeza hiyohiyo: ni miezi 400, zaidi ya miaka 33. Shahada ya bei hiyo ina maana tu kama inakufikisha kwenye mshahara wa nchi nyingine, na hakuna anayeweza kukuahidi hilo kwa maandishi.

KUHUSU FOREX YA SIMU

Najua baadhi ya vijana hapa wanasema: kwa nini nisome, na simu ninayo? Nijibu kwa hesabu.

Kanuni za Kenya za mwaka 2017 ziliruhusu madalali wa forex wa mtandaoni kufanya kazi kwa leseni ya CMA. Madalali hawa hukuruhusu ushike biashara kubwa kuliko pesa zako. Dalali akikupa mara 400, shilingi zako 10,000 zinashika biashara ya shilingi milioni 4. Bei ikienda kinyume chako kwa robo ya asilimia moja, umepoteza 10,000, yaani zote. Euro na dola husogea kiasi hicho kabla ya chakula cha mchana.

Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya ilieleza kwamba kati ya akaunti 74 na 89 katika kila 100 za watu wa kawaida kwenye biashara za namna hii hupata hasara. Ikapunguza kiwango cha juu hadi mara 30. Treda wa benki naye hupata hasara, lakini ana kikomo cha hasara alichowekewa, ana msimamizi, na mwisho wa mwezi ana mshahara. Kijana mwenye simu ana karo ya mdogo wake.

Kama unataka kujifunza, NSE huandaa mashindano ya uwekezaji kwa vijana yanayotumia pesa za kuigiza. Cheza huko. Ukiwa na pesa kidogo za kweli, nunua bondi ya serikali kupitia mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD, na ujifunze jinsi bei inavyokwenda huku riba ikiingia. Na dalali yeyote, angalia kwanza jina lake kwenye orodha ya CMA.

MLANGO WA SHAMBANI

Nilisema nitarudi kwenye mazao. Chicago kumekuwa na soko la nafaka tangu mwaka 1848. Mkataba mmoja wa mahindi kule ni tani 127, yaani takriban magunia 1,400 ya kilo 90. Mkulima wa Marekani anaweza kupanda leo huku bei ya mavuno yake ameshaifunga. Sisi huku tunavuna Novemba, tunauza kwa bei ya chini kwa sababu karo ya Januari inakuja, kisha Mei na Juni tunaona mahindi yaleyale yakiuzwa ghali.

Kenya ilipitisha Sheria ya Stakabadhi za Ghala mwaka 2019. Mkulima huweka nafaka kwenye ghala lililoidhinishwa, hupewa stakabadhi, na anaweza kuitumia kuombea mkopo huku akisubiri bei. NSE nayo ilifungua soko la mikataba ya bei ya baadaye Julai 2019, ingawa ni ya hisa na fahirisi za hisa, si mahindi. Mfumo huu wa nafaka utakapokomaa utahitaji watu wanaojua bei, hatari, uhifadhi na mkopo. Mtoto aliyekulia akikausha mahindi kwenye turubai na kuyafukuzia kuku anajua unyevu wa nafaka kuliko mhitimu wa London. Akiongeza shahada nzuri ya fedha, ana kitu ambacho wengine hawana. Vyama vyetu vya ushirika, sacco na wasagaji wa unga wanamhitaji sasa hivi.

LA KUFANYA

Vijana: chagueni mlango kwanza, kisha shahada. Aliye hodari wa hesabu atazame hesabu za fedha. Anayelenga benki au mifuko atazame uzamili wa fedha pamoja na CIFA au CFA. Aliye kazini tayari na anataka kusimamia, MBA inamfaa. Asiye na uhakika, atafute kazi yoyote kwenye benki, sacco au kampuni ya udalali kwa mwaka mmoja, ndipo aamue.

Wazazi: msione haya kuuliza. Mnapouza ng'ombe mnamkagua mnunuzi na pesa zake. Karo nayo ikaguliwe hivyo. Ilipwe kwenye akaunti ya chuo chenyewe, na barua ya kukubaliwa ithibitishwe na chuo moja kwa moja, si kwa mtu wa kati.

Na wazee: shamba likishauzwa halirudi, na darasa la mwaka ujao bado litakuwepo. Mkiombwa baraka, ombeni kwanza mwone majibu ya yale maswali matano.

Nitabaki hapa kwa wenye maswali.